Feni ya Loma Haikuwa Mbovu

Kisongo, usiku wa kuamkia safari yako

Nsia mwanangu,

Sikuulizi hali, maana nakusikia unavyokoroma chumba cha pili, na mtu anayekoroma hivyo ni mzima. Mabegi yako ya kwenda Dodoma yamejaa sebuleni. Kompyuta umeifunga mwenyewe kwenye boksi, ukaizungushia utepe wa gundi mpaka imekuwa kama majeruhi wa ajali. Mimi nimekaa kwenye meza ya cherehani kwa sababu ndiyo meza pekee iliyobaki na nafasi ya kuweka karatasi.

Habari za kula vizuri, kutomfungulia mlango usiyemjua, kwenda kanisani na kumpigia bibi yako simu hazimo humu. Nimekuimbia wiki nzima na umeniitikia "sawa mama" kwa ile sauti yako ya kunifukuza. Nina jambo moja tu, na nimelikwepa tangu kiangazi cha mwaka jana. Linamhusu Loma, na linahusu ile feni ya kupoza prosesa aliyokutafutia, uliyoing'oa ukaitupa kwenye pipa la taka.

Feni ile haikuwa mbovu, Nsia. Aliyeizima kompyuta yako siku ya fainali ya mashindano yenu ya gemu ni mimi.

Nimeandika hayo nikainuka, nikaenda jikoni kunywa maji, nikarudi nikakuta bado yapo. Basi ngoja nikueleze tangu mwanzo. Uso wako nikiuona nitaanza kupunguza maneno, ndiyo maana naandika.

Unaikumbuka siku mliyochagua ile feni? Mlikaa hapa sebuleni, wewe na Loma, simu moja katikati yenu, mnabishana kama watu wanaonunua kiwanja. Wewe ulitaka ile ya maji, yenye mipira miwili ya kupitishia maji na taa zinazobadilika rangi. Uliniita niione kwenye picha. Nikasema ni nzuri, kwa sababu ilikuwa inawaka na mimi napenda vitu vinavyowaka. Loma akakuna kichwa.

"Nsia, hiyo ni ya mtu mwenye prosesa kubwa na hela za kuchezea," alisema. "Ya kwako ni ya kati, haichemki kihivyo. Chukua hii ya mnara. Ina mabati yake, mirija ya shaba, na feni moja kubwa. Kuna jamaa anaiuza, imetumika kidogo, nimeshaijaribu mwenyewe."

"Itatosha kweli? Gemu letu zito, Loma."

"Itatosha. Arusha yenyewe baridi hii. Halafu ile ya maji ina pampu, pampu ikifa umekwisha. Hii ikifa feni, unafunga feni nyingine, maisha yanaendelea. Hela inayobaki ongezea memori."

Ukaguna, lakini nilikuona umekubali. Akasema kilichobaki ni kupima urefu tu, isije ikafika ikagusa kifuniko, kisha akaniomba futi yangu ya kushonea. Hapo ndipo nilipompenda yule kijana. Sisi mafundi cherehani tukimwona mtu anapima kabla ya kununua, tunamhesabu kuwa ni mwenzetu. Alipima mara mbili, akapiga picha ile namba ya futi kwa simu yake, akaikunja futi vizuri akanirudishia kwa mikono miwili.

Kisha akasema neno ambalo kama ningelisikiliza, barua hii isingekuwepo. Alikuwa anakuelekeza wewe, mimi nikiwa jikoni nakoroga loshoro, mahindi yameiva na mtindi uko pembeni. Alisema, "Feni haitengenezi baridi, Nsia. Inatoa joto tu. Hewa iingie mbele, itokee nyuma. Ukiziba njia, hata ununue feni ya bei gani ni kazi bure." Nilisikia sauti, neno likapita. Akili yangu ilikuwa kwenye sufuria.

Aliileta siku chache baadaye, imefungwa kwenye gazeti. Akapangusa prosesa kwa spiriti, akaweka ile dawa nyeupe kidogo sana, akaniambia, "Mama, hii ndiyo dawa ya meno ya kompyuta." Mkafunga skrubu mkipokezana. Ulipowasha haikusikika hata kuvuma, ukampiga Loma begani kwa furaha mpaka akayumba. Mkala loshoro bakuli moja, mnagombania chini ya bakuli kama mlivyokuwa mkifanya tangu sekondari.

Sasa njoo kwangu mimi. Unanijua, mimi na vumbi la Kisongo hatupikiki chungu kimoja. Nimekulia Meru juu, kwenye migomba na kahawa, ambako ardhi ina unyevu mwaka mzima na vumbi tulilisikia kwa watu. Hata hivyo bibi yako alifunika kila kitu. Redio ya babu yako ilikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma, kimepigwa wanga pembe zote. Kitambaa cha kwanza nilichofuma maishani kilikuwa cha redio ile. Babu yako alikiinua kwa vidole viwili wakati wa taarifa ya habari, na habari zikiisha alikirudisha akakinyoosha. Nyumbani kwetu kukifunika kitu ndiyo ilikuwa namna ya kusema kwamba tunakipenda. Maneno mengine ya kupenda hatukuwa nayo.

Nikaolewa nikaletwa huku tambarare, ambako upepo unaingiza vumbi mpaka ndani ya kopo la sukari. Nikazidisha. Umekulia kwenye nyumba ambayo makochi yana vitambaa, jagi lina kitambaa, na televisheni ina kitambaa juu ya kitambaa. Kwa hiyo ulipoleta kompyuta yako, kipande baada ya kipande, kwa hela yako ya kufundisha watoto wa jirani hesabu, mimi nilikaa jioni kadhaa nikaifumia kitambaa chake. Nilikitandika juu ya kasha nikakusubiri ukione.

"Mama, hapana, hapo juu inapumua!" ukasema, ukakitoa. Na Loma akacheka. "Mama alitaka kuibatiza."

Nilicheka na nyinyi. Lakini iliniuma, Nsia, iliniuma sana kuliko ilivyostahili. Badala ya kusema, niliweka moyoni. Huo ni ugonjwa wangu wa siku nyingi. Baba yako anaujua, na wewe umeurithi kidogo, samahani kwa hilo pia.

Kilipofika kiangazi na pepo zake, siku moja nilimwona Loma akibandua ule wavu wa mbele wa kasha kwa vidole tu, akaupiga brashi. Lilitoka vumbi mkapiga chafya wote wawili. Nikasema moyoni, si nilisema? Na wiki hiyohiyo baba yako alikuwa ametoka porini na wageni wake, akasimulia kwamba njia ilikuwa na vumbi mpaka dereva mwenzake kafunga kitambaa kwenye mdomo wa kuvutia hewa ya gari. Basi mimi nikajiona nimepata ufumbuzi. Chai inachujwa, maziwa yanachujwa, hewa ina ukubwa gani isichujwe?

Nilichukua bitana ya zambarau iliyobaki kwenye sare za kwaya. Ile nzito. Nikaikunja maradufu, nikapima kwa futi ileile, nikaipiga pindo, nikabandua wavu wako wakati uko kwa bibi, nikaipachika kwa nyuma. Ilikaa sawasawa. Kwa nje haikuonekana kabisa, kwa kuwa wavu ni mweusi. Nilirudi nyuma hatua kadhaa nikaitazama kazi yangu, nikajisifu. Uliniambia nisifunike juu, na juu sikufunika. Nilijua wazi kwamba ungekataa, ndiyo maana sikukuuliza. Naomba uliangalie vizuri neno hilo, kwa sababu watu watakaokusikia ukisimulia watacheka na kusema mama wa watu hakujua. La kompyuta sikulijua, ni kweli. La kukuficha nililijua.

Siku zilizofuata ukaanza kulalamika. "Mama, leo inavuma kama jenereta." Nikakujibu kwamba ni joto la Kisongo. Ukasema gemu linakwamakwama. Nikasema labda ni mtandao. Yaani mimi, ambaye simu yangu mwenyewe ananiwashia mtoto wa jirani data, nilikuwa natoa ushauri wa mtandao.

Siku ya fainali sina haja ya kukusimulia, ulikuwepo kuliko mimi. Mimi nilikuwa nimekaanga maandazi ya kusherehekea. Nilisimama mlangoni nakuangalia mgongo, umevaa spika zako za masikioni, unawaambia wenzako walioko mikoani "twende, twende." Mara kioo kikawa cheusi. Ulibonyeza, ukabonyeza, halafu ukavua spika taratibu ukaziweka mezani. Hukupiga kelele. Ulitoka uani na simu, na nikakusikia ukisema "samahani jamani," kimya, "samahani," kimya, "samahani." Maandazi yakapoa jikoni.

Niliingia nikashika kasha. Lilikuwa la moto, ukishika unaondoa mkono kama umegusa pasi. Nilijua papo hapo. Usije ukanitafutia utetezi kwamba nilichelewa kujua. Nilibandua wavu, nikavuta bitana, nikaikunja nikaitia kwenye kikapu changu cha vipande, chini kabisa. Nilifanya haraka. Nilijiambia naitoa ili mashine ipate hewa, na ukirudi ndani nitakwambia.

Ulirudi macho mekundu ukasema, "Ni feni ya Loma."

Mimi nikasema, "Pole mwanangu."

Ndiyo hiyo tu. Pole yenyewe ilikuwa ya kweli. Lakini nilijificha nyuma yake, na tangu siku ile sijatoka.

Kesho yake Loma alikuja mbio kutoka Sakina, hata chai hajanywa. Ulimpokea mlangoni kama polisi. Akafungua ubavu wa kasha, akagusa feni kwa kidole, ikazunguka vizuri. Akaangalia dawa, iko sawa. Akaniomba tochi. Akazunguka mbele, akabandua wavu. Wewe ulikuwa umempa mgongo, unaandika kwenye simu kwa hasira. Mimi nilikuwa palepale kwenye cherehani, najifanya natunga uzi kwenye sindano.

Kwenye vile vimeno vya wavu kulikuwa na nyuzi, Nsia. Nyuzi za zambarau. Nilipovuta kwa haraka zilibaki. Loma alizitoa moja moja akazitazama. Kisha akatazama sare ya kwaya iliyokuwa chini ya sindano yangu, bitana yake imejitokeza. Kisha akanitazama mimi.

Mimi nikainama kwenye sindano.

Alinipa muda wa kutosha kabisa kufungua mdomo. Halafu akaziviringisha zile nyuzi akazitia mfukoni, akarudisha wavu, akasimama. "Labda ni feni kweli, Nsia," akasema. "Nisamehe."

Uliyomwambia baada ya hapo unayakumbuka. Kwamba amekuuzia kimeo. Kwamba amekula cha juu kwako, rafiki yake, anayekula bakuli moja na wewe. Loma akafunga ubavu wa kasha. Akasema "sawa." Akanigeukia, akaniambia "asante kwa tochi, mama," akanirudishia kwa mikono miwili, akaondoka. Mimi nikaendelea kushona. Ile sare ilibidi niifumue yote baadaye, mishono ilikuwa imekwenda kombo.

Ulikataa kuiwasha tena mashine mpaka feni ibadilishwe, ukiogopa prosesa isiungue. Basi nikafanya lile ulilonishukuru nalo mbele ya shangazi zako wote. Nilichukua hela niliyokuwa naweka ya cherehani ya umeme, nikakununulia ile ya maji, yenye taa. Ulinikumbatia mpaka tukapepesuka. Fundi wa mjini akaifunga, ukawasha, ikatulia kama haijawahi kuugua. Ukasema, "Umeona mama? Ilikuwa ni feni."

Nikaona kweli. Niliona kwamba nimenunua ushahidi dhidi ya mtoto wa watu. Mashine ilipoa kwa sababu bitana ilikuwa kwenye kikapu changu, na ingepoa vilevile na feni ya Loma. Tangu hapo kila usiku taa zile zikibadilika rangi chumbani kwako, bluu, kijani, zambarau, mimi napita koridoni natazama ukutani upande wa pili. Ukimnunulia mtu kitu kwa sababu umeshindwa kumwambia neno, kitu hicho unaishi nacho, na hakikuzoei.

Halafu ukaandika kwenye grupu lenu la wachezaji kwamba wasinunue kitu kwa Loma. Ulinisomea mwenyewe, ukaniuliza kama ni kali sana. Nikakwambia, "Wewe unajua zaidi." Nsia, katika yote niliyoyafanya, jibu hilo ndilo linaloniamsha usiku. Ulikuwa umeniuliza. Mlango ulikuwa wazi kabisa, wewe mwenyewe umeushikilia.

Nilikwenda Sakina mara nyingi tangu wakati ule, zipu na nyuzi zangu nanunua kule. Mwanzoni nilizunguka njia ya nyuma nisipite mbele ya kibanda chake cha vipuri. Siku moja tukakutana uso kwa uso penye duka la vifungo. Akavua kofia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," nikasema. "Hujambo? Wazima nyumbani?"

"Wazima, mama. Nsia hajambo?"

"Hajambo."

Na tukapishana. Nimeamkiwa maisha yangu yote na sikuwahi kujiuliza naitikia nini. Siku ile nilijua. Kijana yule aliinama mbele yangu na shikamoo yake, na mimi nikaichukua, kama nilivyochukua kimya chake, kama nilivyochukua tochi. Alikuwa anaujua uongo wangu na bado ananiheshimu, na mimi nilikuwa naitumia heshima hiyo kujifunika.

Wiki iliyopita nilimwambia baba yako. Alianza kucheka habari ya bitana, unamjua, alicheka mpaka akakaa chini. Nilipofika kwenye nyuzi za zambarau akaacha. Akaniangalia. "Mama Nsia," akasema, "yaani umemwacha kijana wa watu akabeba?" Alikwenda kuosha gari ambalo lilikuwa safi.

Basi juzi, nilipokuaga kwamba naenda kuchukua vitambaa, nilikwenda kwa Loma. Sasa amebanwa kwenye fremu moja na mtu wa vocha, anatengeneza chaja na kubadilisha vioo vya simu. Wale wachezaji hawaji. Alinipa stuli yake akabaki amesimama. Nikamwambia yote, sikubakiza, na nikamwambia nimekuja kuomba msamaha. Alikuwa ameshika bisibisi, akawa anaizungusha tu.

"Mama, mimi nilijua siku ileile," akasema.

"Najua kwamba ulijua. Kwa nini hukusema, Loma?"

"Sasa ningesemaje? Niko ndani ya nyumba yako, mama. Nimekula kwako tangu niko fomu wani. Nimwambie Nsia mbele yako kwamba ni mama yake? Hayo hayasemeki. Nilijua utamwambia mwenyewe."

Akaongeza, bila ubaya wowote, "Nilifikiri utamwambia jioni ileile."

Nililia pale kwenye stuli, Nsia, mbele ya mtu wa vocha na wateja wake. Loma hakujua afanye nini, akaninunulia soda.

Nilipotulia nikamwambia mpango wangu. Ile feni yake ninayo. Siku uliyoitupa niliitoa kwenye pipa, nikaifuta, nikaificha kabatini. Nikamwomba aje kesho yake ukiwa umekwenda kumuaga bibi, aifungue kompyuta, aitoe ile ya maji, airudishe ya kwake. Usafiri nayo, uitumie miezi, halafu ndipo nikwambie kwamba feni inayofanya kazi ni ile uliyoitupa. Niliona ni mpango mzuri. Nilikuwa hata na fahari nao.

Loma akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Hiyo mashine ni ya Nsia. Imeshafunguliwa vya kutosha yeye hayupo."

Nilikaa na soda yangu mkononi. Nilikuwa nimekwenda kuomba msamaha wa kosa, na palepale nilikuwa nalirudia, kwa futi ileile na kwa mapenzi yaleyale. Kumbe sijapona. Nakwambia hili ili unijue. Hata huko Dodoma nitatafuta namna ya kukufanyia mema bila kukuuliza. Nitakutumia kitu, au nitampigia mtu simu nyuma ya mgongo wako. Ukinikamata, nigombeze palepale. Usingoje.

Na wewe usijione una dhambi kubwa kwa Loma. Maneno yalikuwa yako, hayo utayabeba, lakini uliyajenga juu ya uongo wangu. Ulichoniona nikikifanya siku ile ni kushona kimyakimya, na mtoto akimwona mama yake anashona kwa utulivu anajua kwamba hakuna kilichoharibika. Hivyo ndivyo nilivyokudanganya, bila kutamka hata uongo mmoja. Ukiwa mtu mzima kabisa utakuta njia hii ni rahisi mno, na watu watakusifu kwamba una busara, huna maneno mengi. Mimi wananisifu hivyo usharikani.

Feni ya Loma nimeiweka juu ya boksi lako. Pembeni kuna kibomba cha ile dawa nyeupe, Loma ndiye aliyenipa, akakataa kulipwa. Alisema Dodoma kuna joto na vumbi kuliko hapa, kwa hiyo usafishe wavu mara kwa mara, na pampu ya ile ya maji ikianza kukoroma uizime, ufunge hii. Akasema bado itakutosha, kwa prosesa yako. Mwisho akacheka kidogo akasema, "Na usiweke kitambaa." Nilifurahi kumsikia anacheka. Chini ya feni nimeiweka na ile bitana, uione kwa macho yako ilivyo nzito.

Nilitaka kuitia barua hii kwenye mkoba wako wa pembeni, ili uikute ukiwa umeshapita Babati, mimi nikiwa mbali na macho yako. Nilishafungua hata zipu. Nimeifunga. Nitaisukuma chini ya mlango wako alfajiri, nitakugongea, halafu nitakwenda jikoni. Baba yako nimemwambia awahi kuleta gari, awahi sana kuliko tulivyokubaliana jana, na hakuniuliza sababu. Loma anafungua kabla hakujapambazuka, kwa ajili ya abiria wa mabasi ya Nairobi wanaotaka chaji. Kwenda kwake Sakina na kurudi stendi muda upo. Kama utasema hatwendi, hatwendi. Ni safari yako, na ni rafiki yako.

Mimi nitakuwa jikoni, maji ya chai motoni, mlango wazi. Ukiingia, nakuomba kitu kimoja ambacho sikuwahi kukiomba na wala sikufundishwa na mama yangu. Usiniamkie. Nikisikia shikamoo yako nitasema marahaba, nitakuuliza umeamkaje, nitakumiminia chai, na tutafika stendi na kupungiana mikono. Loma alininyamazia kwa heshima karibu mwaka mzima, na nilimwacha. Wewe simama pale mlangoni, uniite mama ukipenda, na useme kwanza unachotaka kuniambia.

Mama yako